Onyesha Kitambulisho, Upewe Chakula: Darasa kuhusu Chama cha Alfajiri ya Dhahabu cha Ugiriki



Makala hii imetokana na darasa letu la Alhamisi baada ya Magharibi, na chanzo chake ni ujumbe wa simu. Kuna ndugu aliyetuma kwenye kundi letu picha ya wanaume waliovaa fulana nyeusi, wamebeba mienge na bendera. Chini yake kulikuwa na maneno marefu ya kusema kwamba Wagiriki wanaua Waislamu mchana kweupe, kwamba serikali yao ndiyo inayoyapanga mauaji hayo, na kwamba nchi nzima ya Ugiriki haina msikiti hata mmoja. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuusambaza. Niliupeleka makundi manne kabla chai yangu haijapoa. Jioni ustadh wetu aliniuliza neno moja tu: "Umethibitisha?" Nikanyamaza. Akanipa wiki mbili nisome, kisha nije niwafundishe wenzangu nilichokikuta.

Nilichokikuta ni kwamba ujumbe ule ulikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wenyewe ulikuwa mbaya vya kutosha bila kuongezwa chumvi. Lakini mambo mawili kati ya yale matatu yalikuwa si sawa, na nitayaeleza kila moja mahali pake.

Walikotoka

Watu wa picha ile ni wafuasi wa chama kiitwacho kwa Kigiriki Chrysi Avgi, maana yake Alfajiri ya Dhahabu. Mwanzilishi wake ni Nikolaos Michaloliakos. Ugiriki ilitawaliwa na wanajeshi kuanzia 1967 hadi 1974, na baada ya utawala huo kuanguka, Michaloliakos, akiwa bado kijana, alifungwa kwa kesi ya milipuko. Huko gerezani alikutana na baadhi ya wale makanali waliopinduliwa. Desemba 1980 akaanza kutoa gazeti dogo lenye jina hilo la Alfajiri ya Dhahabu, na kurasa zake zilimsifu Hitler bila kificho. Mwaka 1993 kikundi kile kikasajiliwa kuwa chama cha siasa.

Kwa miaka mingi hakikuwa kitu. Katika uchaguzi wa bunge wa 2009 kilipata asilimia 0.29. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila watu elfu moja waliopiga kura, waliokichagua hawakufika watatu. Mtu angekutana nao barabarani na bendera zao angewapita tu kama anavyopita mtu anayehubiri peke yake kituo cha mabasi.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Ugiriki ilikuwa imeshindwa kubeba madeni yake, na 2010 ikaingia katika mikopo ya dharura kutoka Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti ya mikopo ile yalikata mishahara, pensheni na huduma. Kufikia 2013 zaidi ya robo ya watu wenye uwezo wa kufanya kazi hawakuwa na kazi, na kwa vijana wa chini ya miaka 25 ilikuwa zaidi ya nusu. Sisi tunaomaliza shahada na kuzunguka na bahasha Kampala nzima tunaweza kukisia hali ile ilivyokuwa.

Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya Ulaya inayojulikana kwa jina la Dublin. Kwa kawaida mtu anayeomba hifadhi anashughulikiwa na nchi ya kwanza aliyoingilia, na Ugiriki ndiyo mlango. Kwa hiyo Waafghani, Wasomali, Wapakistani na wengine wengi waliotaka kwenda Ujerumani au Sweden walikwama Athens, bila karatasi na bila kazi, wakilala kwenye viwanja vya mitaa ya watu maskini. Mtaa mmojawapo ni Agios Panteleimonas. Wakazi wake walikuwa na malalamiko, mengine ya kweli. Serikali haikwenda kuwasikiliza. Alfajiri ya Dhahabu ilikwenda.

Mwaka 2010 Michaloliakos akapata kiti katika baraza la jiji la Athens kwa asilimia 5.29 ya kura, na mapema 2011 akapiga saluti ya Kinazi ndani ya ukumbi wa baraza. Mei 2012 chama kikapata asilimia 6.97 ya kura za nchi nzima na viti 21 katika bunge la viti 300. Uchaguzi uliporudiwa Juni kikabaki na viti 18. Kutoka watu watatu katika elfu hadi watu sabini katika elfu, na katikati ni miaka mitatu isiyotimia.

Foleni ya Syntagma

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipokwama.

Tarehe 1 Agosti 2012 chama kiligawa chakula katika uwanja wa Syntagma, mbele ya jengo la bunge. Watu walipanga foleni ndefu juani. Mwenye kufika mbele alitakiwa kuonyesha kitambulisho cha kuthibitisha kwamba ni Mgiriki. Akionyesha, anapewa mfuko wake wa mboga, tambi na mafuta. Asiye Mgiriki anaondoka. Baadaye wakafanya hivyohivyo kwa kuchangia damu: damu ya Wagiriki kwa Wagiriki. Zilisimuliwa pia habari za vijana wa chama kuwasindikiza bibi vikongwe hadi benki wakachukue pensheni wasije wakaibiwa.

Mei 2013, katika wiki ya Pasaka yao, walitaka kugawa tena Syntagma. Meya wa Athens, Giorgos Kaminis, alikataza, akisema wazi kwamba hataruhusu msaada unaobagua katika uwanja wa jiji. Polisi wakawatawanya. Siku hiyohiyo mbunge mmoja wa chama alimfuata meya mahali jiji lilipokuwa likigawa zawadi za sikukuu kwa watoto, akamrushia ngumi. Ngumi ikampata mtoto wa kike.

Ndugu msomaji, nilipofika kwenye ile foleni nilifunga kitabu. Wale mlioshiriki futari ya chama chetu Ramadhani iliyopita mnajua ninachotaka kusema. Wiki ya pili fedha zilipungua. Sufuria zilikuwa mbili, sahani mia mbili na kidogo, na waliokuja walikuwa wengi zaidi: vibarua wa jengo linalojengwa nyuma ya hosteli, watoto wa mtaa, wanafunzi wa Kongo na Sudan Kusini ambao hawakuwa wamelipa ada ya uanachama. Kwenye kikao cha kamati ikatolewa hoja kwamba mlangoni ionyeshwe kadi, wanachama kwanza, na wageni wasubiri kitakachobaki. Nilinyoosha mkono kuunga mkono. Na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, tangazo la mlangoni niliandika mimi.

Siku ya pili yake nilimwona kijana wa mwaka wa kwanza, mtu wa Bunia, amesimama mbele ya lile tangazo. Akalisoma mpaka mwisho, akageuka. Adhana ilikuwa bado haijaisha. Sikumwita.

Sisemi kwamba kamati yetu ni mafashisti. Atakayesema hivyo atakuwa ametudhulumu sisi na amewapunguzia wale uzito wao. Sisi tulikuwa na upungufu wa mchele na tulikosea namna ya kuugawa. Wale mchele walikuwa nao, na kumrudisha mtu ndiyo ilikuwa shabaha. Chakula kilikuwa chambo tu. Lakini mkono unaoonyesha kadi, na jicho linaloangalia kadi kabla ya kuangalia uso wa mwenye njaa, hivyo viwili vilifanana, na ndiyo maana chama kile kilipendwa. Hakikuanza kwa kuwaambia watu wachukie. Kilianza kwa kuwapa walio wake.

Usiku mitaani

Nyuma ya meza ile ya chakula kulikuwa na kazi nyingine. Chama kilikuwa na vikosi vyake vya mitaani vilivyotoka kwa pikipiki usiku, wengi wao katika fulana nyeusi, kwa fimbo na visu. Human Rights Watch ilitoa ripoti Julai 2012 ikieleza mashambulizi mengi dhidi ya wahamiaji Athens. Humo nilisoma jambo lililonikera kuliko mapigo yenyewe: aliyekwenda kushtaki polisi alielezwa kwamba lazima kwanza alipe ada ya euro 100, na asiye na karatasi aliweza kuwekwa ndani yeye.

Juni 2012 watu wa chama waliivamia usiku nyumba ya wavuvi wa Kimisri huko Perama, karibu na bandari ya Piraeus. Mmoja wao alikuwa amelala juu ya paa kwa sababu ya joto. Wakampiga hadi taya likavunjika.

Septemba mwaka huohuo ikawa zamu ya watu wa lugha yetu. Kituo cha jumuiya ya Watanzania mjini Athens kilivamiwa na kundi la watu na kuharibiwa. Wengi wetu hatukujua hata kwamba kuna Waswahili Athens wenye jumuiya na ofisi. Na hapa ndipo ule ujumbe wa simu unapoanza kupwaya: siku chache baadaye vijana wa Kigiriki wanaopinga ufashisti waliandamana kwa pikipiki katika mtaa ule kuonyesha kwamba wako upande wa Watanzania. Wakapambana na wafuasi wa chama, wakakamatwa 15, na wakalalamika baadaye kwamba waliteswa mikononi mwa polisi. Gazeti la Uingereza la The Guardian liliiandika habari yao. Wagiriki walipigwa kwa sababu ya Watanzania. Hilo halikuwemo kwenye ujumbe niliousambaza.

Kisha Shahzad Luqman. Alikuwa Mpakistani wa miaka 27. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 2013 alikuwa anaendesha baiskeli kwenda kazini sokoni, katika mtaa wa Petralona. Wanaume wawili juu ya pikipiki wakamzuia na kumchoma visu, akafa palepale barabarani. Walikamatwa muda mfupi baadaye, kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa macho akaona na akatoa taarifa. Katika nyumba ya mmoja wao polisi walikuta vipeperushi vya Alfajiri ya Dhahabu. Wazazi wake walisafiri kutoka Pakistan kuhudhuria kesi, na 2014 wauaji wote wawili walihukumiwa kifungo cha maisha, ingawa adhabu hiyo ilipunguzwa katika rufaa.

Wauaji walifungwa. Chama hakikuguswa. Wabunge wake waliendelea kuingia bungeni na ruzuku ya serikali iliendelea kuingia. Katika majira hayohayo kijana Giannis Antetokounmpo, ambaye leo kila mpenda mpira wa kikapu anamjua, alipewa uraia wa Ugiriki. Alizaliwa Athens 1994 kwa wazazi wa Kinigeria, na hadi 2013 hakuwa raia wa nchi yoyote. Alipokwenda kupokewa na Waziri Mkuu, Michaloliakos alimfananisha na sokwe kwenye televisheni. Kwa chama kile Ugiriki ni damu. Kuzaliwa pale, kusoma shule za pale na kuichezea timu ya taifa hakumfanyi mtu kuwa Mgiriki.

Kilichobadilisha mambo ni kuuawa kwa Mgiriki. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 2013, huko Keratsini, Pavlos Fyssas, mwanamuziki wa rap wa miaka 34 aliyeimba dhidi ya ufashisti, alitoka mgahawani alikokuwa ameangalia mpira na rafiki zake. Nje kundi la watu wa chama lilikuwa linamsubiri. Likaja gari, akashuka mtu, akamchoma kisu. Kabla hajakata roho Fyssas aliwaonyesha polisi aliyemchoma.

Siku kumi baadaye Michaloliakos na wabunge kadhaa wakakamatwa. Siku kumi! Kutoka kifo cha Luqman hadi kifo cha Fyssas ni miezi minane. Wagiriki wengi waadilifu wameliona hilo na kulisema wao wenyewe kabla yangu.

Na kwa kuwa tumeamrishwa uadilifu hata kwa tunaowachukia, nitaje na hili: tarehe 1 Novemba 2013 vijana wawili wa Alfajiri ya Dhahabu walipigwa risasi wakafa nje ya ofisi ya chama chao, na kikundi cha mrengo wa kushoto kikadai kuhusika. Dhulma ni dhulma. Darasani ndugu mmoja alisema "walistahili". Ustadh alimtazama tu.

Kesi na bayyina

Sisi tunaosoma fiqhi tunajua kwamba mzigo wa ushahidi uko kwa mdai, na kwamba mtu haadhibiwi kwa fikra iliyo kifuani mwake. Ndiyo maana sehemu hii niliisoma kwa hamu kuliko zote.

Katiba ya Ugiriki haina njia ya kupiga marufuku chama kwa sababu ya itikadi yake. Waendesha mashtaka kwa hiyo hawakushtaki Unazi. Walishtaki matendo: mauaji ya Fyssas, shambulio la wavuvi wa Kimisri, shambulio dhidi ya wanachama wa muungano wa wafanyakazi wa kikomunisti lililotokea siku chache kabla ya Fyssas kuuawa. Kisha wakadai kwamba matendo haya hayakuwa ya walevi wachache. Yalitoka katika genge la uhalifu lililopangwa, na waliokaa bungeni ndio walioliongoza.

Kesi ilifunguliwa tarehe 20 Aprili 2015 katika ukumbi wa gereza la Korydallos. Washtakiwa walikuwa karibu 70. Ilichukua miaka mitano na nusu na vikao zaidi ya 450. Mama yake Fyssas, Magda, alikaa pale siku baada ya siku, hatua chache kutoka kwa watu waliomtoa mwanawe duniani.

Swali gumu lilikuwa hili: mkono ulioshika kisu unajulikana, je, utauunganishaje na mkuu aliyekuwa nyumbani kwake? Utetezi wa chama ulianza kwa kusema hakimjui muuaji. Zikaja picha zake akiwa katika shughuli za chama, na ikajulikana kwamba alikuwa akifanya kazi katika tawi la Nikaia. Zikaja kumbukumbu za simu za usiku ule, zilizoonyesha mawasiliano yakipanda na kushuka ngazi za uongozi. Zikaja video za mafunzo na hotuba zilizokutwa katika kompyuta zao, ambamo ilionekana kwamba ndani ya chama neno la mkuu halipingwi na hakuna kinachofanyika bila ruhusa ya aliye juu. Septemba 2015, kesi ikiendelea na uchaguzi ukiwa mlangoni, Michaloliakos mwenyewe alitamka kwamba anabeba dhima ya kisiasa ya mauaji ya Fyssas, lakini si dhima ya jinai. Wapiga kura wakampa tena viti 18.

Desemba 2019 mwendesha mashtaka wa mahakama alipendekeza viongozi waachiwe katika shtaka la kuongoza genge, kwa hoja kwamba hakuna amri iliyothibitishwa. Nilipofika hapo nilijiuliza ningeamua nini mimi. Ni hoja nzito; mwanafunzi wa fiqhi hawezi kuipuuza kwa sababu tu anamchukia mshtakiwa. Lakini qarina zikikusanyika, zikawa nyingi na zote zinaelekea upande mmoja, nazo zina uzito wake, na wanazuoni wetu wamebishana juu ya hilo karne na karne. Ibn al-Qayyim ana kitabu kizima kinachozunguka suala hilo, na wa mwaka wa tatu mnakijua.

Tarehe 7 Oktoba 2020 mahakama, ikiongozwa na jaji Maria Lepenioti, ilitamka kwamba Alfajiri ya Dhahabu ni genge la uhalifu. Maelfu ya Wagiriki waliosimama nje walipiga kelele za furaha, na Magda Fyssa akatoka nje mikono juu. Michaloliakos na kadhaa wa wakuu wenzake walihukumiwa miaka 13, na aliyemuua Fyssas kifungo cha maisha. Hivyo madai kwamba serikali ya Ugiriki iko nyuma yao hayasimami yalivyoandikwa. Polisi walizembea, na wako walioshirikiana nao. Dola ililala. Kisha mahakama ya dola hiyohiyo ikawafunga.

Wala isidhaniwe kwamba kwa hukumu ile habari iliisha. Chama chenyewe kilikuwa kimeshaanguka katika uchaguzi wa 2019 kwa kupata asilimia 2.93, chini kidogo ya kizingiti cha asilimia 3. Lakini Ilias Kasidiaris, aliyekuwa msemaji wake, alikuwa ameunda chama kipya kabla ya kufungwa. Mahakama Kuu ikakizuia kushiriki uchaguzi wa 2023. Akatangaza kuunga mkono chama kidogo kiitwacho Spartiates, na Juni 2023 kikaingia bungeni na viti 12. Majina hubadilika.

Kupenda watu wako

Baada ya darasa dada mmoja wa Kitivo cha Sheria aliuliza: je, mtu kupenda taifa lake ni kosa? Ni swali la haki, na Uganda hii yenye makabila mengi linatuhusu kila siku ya uchaguzi wa chama cha wanafunzi.

Wataalamu wetu wana neno asabiyya. Ibn Khaldun alilitumia katika Muqaddima kuelezea ule mshikamano unaowafanya watu wa ukoo au kabila wasimame pamoja mpaka wakajenga dola, na kwake si neno la matusi. Ni nguvu tu, kama moto. Katika hadithi neno hilo linakuja kwa lawama, na maana inayotolewa humo ni kwamba asabiyya ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Kwa hiyo nilimjibu kwamba mpaka uko kwenye dhulma. Anayepika kwa ajili ya mtaa wake hajakosea. Anayepika ili wa mtaa wa pili waone wanavyonyimwa, huyo ni mtu mwingine. Dada hakuridhika sana. Alisema mpaka huo unaonekana rahisi darasani na si mlangoni penye foleni. Nadhani alisikia habari za lile tangazo.

Kuhusu msikiti

Nimalizie deni la mwisho la ule ujumbe. Ugiriki ina misikiti. Katika Thrace ya Magharibi, upande wa mpaka wa Uturuki, wanaishi Waislamu zaidi ya laki moja, wengi wao wenye asili ya Kituruki na Kipomaki, ambao Mkataba wa Lausanne wa 1923 uliwaacha pale watu wengine walipobadilishwa baina ya nchi hizi mbili. Wana misikiti mamia, wana mamufti, ingawa wamevutana na serikali miaka mingi juu ya nani awateue mamufti hao.

Athens ndiyo iliyokuwa na tatizo. Tangu Waturuki wa Uthmaniya waondoke katika karne ya 19, jiji halikuwa na msikiti rasmi unaotumika. Majengo ya zamani yapo: Msikiti wa Tzistarakis katika uwanja wa Monastiraki umekuwa jumba la makumbusho, watalii wanapiga picha mihrabu. Waislamu wa jiji waliswali katika vyumba vya chini ya ardhi, magereji na maghala. Sheria ya kujenga msikiti ilipitishwa 2006, na ikakwama miaka na miaka katika kesi na maandamano, Alfajiri ya Dhahabu wakiwa mstari wa mbele kupinga. Hatimaye ukajengwa kwa fedha za serikali katika eneo la Votanikos, ndani ya kiwanja kilichokuwa cha jeshi la majini. Ni jengo dogo la kijivu, linachukua watu 350 hivi, halina mnara. Lilifunguliwa kwa swala mwanzoni mwa Novemba 2020, kipindi cha korona, kwa hiyo wachache tu waliruhusiwa kuingia, wamevaa barakoa na kuachiana nafasi. Ilikuwa chini ya mwezi mmoja tangu hukumu ile isomwe upande wa pili wa jiji.

Nimeandika masahihisho katika yale makundi manne. Kundi moja wamenitoa.

Kikao cha kamati ya futari ni Jumamosi hii baada ya Alasiri, chumba kilekile nyuma ya msikiti. Nimeomba suala la kadi liwe la kwanza kwenye ajenda, na yule ndugu wa Bunia nimemwalika aje. Alicheka, akasema atakuja kama kutakuwa na chai. Waje pia wenye hoja ya bajeti, kwa maana sufuria bado ni mbili na bei ya mchele imepanda.